Aliir Aliir ni Beki Kwanza, Kakuma Baadaye

Kila jina la Aliir Aliir linapotajwa katika magazeti yetu, sentensi ya kwanza huwa imekwisha kuandikwa kabla mwandishi hajaketi: alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, wazazi wake wakiwa wamekimbia vita vya kusini mwa Sudan, na leo ni nyota huko Australia. Habari hiyo ni ya kweli, nami kama Mkenya sina neno nayo, ila hili tu: makala huishia hapo hapo. Msomaji huambiwa kijana alikotoka na alikofika, asiambiwe kazi anayoifanya uwanjani, wala sababu iliyowafanya wateuzi wa ligi kuu ya soka ya Kiaustralia wamweke katika kikosi bora cha msimu wa 2021. Nimeufuatilia mchezo huo kwa miaka kadhaa, aghalabu asubuhi ya Jumamosi, kwa kuwa mechi inayoanza Adelaide saa nane mchana hunikuta Nairobi saa moja na nusu nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi, na kadiri ninavyomtazama ndivyo ninavyoona kwamba tumemsimulia kwa upande uliokuwa mwepesi kwetu.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, auwazie uwanja wa kriketi, mviringo kama yai, wenye urefu wa mita 135 hadi 185, na ndani yake wachezaji 18 kwa kila upande. Hakuna kanuni ya kuotea, hivyo mshambuliaji anaweza kusimama popote apendapo. Kila mwisho wa uwanja una nguzo nne: teke likipita kati ya zile mbili ndefu za katikati ni alama 6, likipita kati ya ndefu na ile fupi iliyo kando yake ni alama 1. Na hakuna kipa. Jambo hili ndilo ninalotaka msomaji alishike, maana beki wa soka tunayoicheza sisi akikosea huwa na mtu nyuma yake mwenye glavu. Beki wa mchezo huu akikosea, nyuma yake kuna nyasi tu.

Kuna kanuni moja zaidi inayotawala maisha ya beki. Mchezaji yeyote akiudaka mpira uliopigwa kwa mguu umbali wa mita 15 au zaidi kabla haujagusa chini wala kuguswa na mwingine, hupewa nafasi ya kupiga teke bila kusumbuliwa. Mshambuliaji akiudaka mpira mbele ya nguzo, ameshinda nusu ya vita. Kwa hiyo kazi ya mabeki warefu kwa miongo mingi ilikuwa kumganda mtu wako kama kupe na kuupiga mpira ngumi kabla haujatua mikononi mwake. Ni kazi ya heshima, na bado ipo, na Aliir huifanya vizuri, kwani ana kimo cha karibu sentimita 195 na mruko wa kustaajabisha. Lakini kilichomtofautisha ni kwamba mara nyingi yeye haupigi ngumi. Anaudaka mwenyewe.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi uitazame hesabu yake. Anayepiga ngumi ameuzuia mpira lakini hajaupata. Utaanguka chini, utagombewa, na huenda ukarudi langoni mwake baada ya sekunde tatu. Anayeudaka amelimaliza shambulio la wapinzani na kuanzisha la kwao, na tena amelianzisha wakati ambapo wapinzani wote wamejaa mbele na hawajajipanga kurudi. Ili kufika hapo, hata hivyo, beki hulazimika kumwacha mtu wake. Humtazama mpigaji aliye mita 50 mbele, anasoma bega lake na namna anavyouangusha mpira kwenye mguu, kisha anaamua kabla mpira haujapaa: ninakwenda, au ninabaki. Akienda akafika, uwanja mzima unashangilia. Akienda asifike, mshambuliaji aliyemwacha yuko peke yake mbele ya nguzo zisizo na kipa, na kila mtu anajua kosa ni la nani. Uamuzi huu anaurudia mara nyingi katika mechi inayochukua takribani saa mbili, na kwa maoni yangu ujasiri huo wa kuacha ulichokabidhiwa kwa sababu umeona kingine kinachokuja una thamani zaidi ya kimo na mruko vikiwekwa pamoja.

Hakuzaliwa nao, wala hakuupata haraka. Familia ilipohamia Australia ilikaa kwanza Brisbane, jiji lililo katika jimbo linalopenda raga kuliko mchezo huu. Baadaye wakahamia Perth, ambako alichezea East Fremantle katika ligi ya Australia Magharibi. Klabu ya Sydney Swans ilimchukua mwishoni mwa 2013 katika uteuzi wa kila mwaka, ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, kwa chaguo la 44, maana yake wachezaji 43 waliitwa kabla yake. Walimchukua kama kijana mrefu ambaye huenda angefaa kushambulia au kurukia mipira ambayo mwamuzi huirusha juu katikati ya uwanja, na ni katika timu yao ya akiba ndipo alipofundishwa kusimama nyuma. Misimu ya 2014 na 2015 ikapita bila mechi hata moja katika kikosi cha kwanza. Alipoingia hatimaye mwaka 2016 alicheza kama mtu aliyekuwa pale siku zote, hadi mechi ya kutafuta nafasi ya fainali dhidi ya Geelong, alipoumia goti. Timu ikashinda, ikaenda fainali kuu, ikafungwa na Western Bulldogs kwa tofauti ya alama 22, naye akiwa mtazamaji. Msimu uliofuata alicheza mechi chache sana.

Ninaamini, na wapenzi wa Sydney watanisamehe, kwamba klabu ile ilimlea vizuri kisha ikashindwa kumtumia. Mara awe beki, mara apelekwe katikati kurukia mipira kwa kuwa warukaji wenyewe ni majeruhi. Mtu mwenye vipaji vingi huishia kuziba mapengo ya wengine. Baada ya mechi zaidi ya 60 aliondoka mwishoni mwa 2020 kwenda klabu ya Port Adelaide, na katika msimu wake wa kwanza huko, kabla hajatimiza miaka 27, akaingia kikosi bora cha mwaka. Sikuona mruko mpya wala mbio mpya. Nilichokiona ni kwamba kocha Ken Hinkley alimpa kazi moja, na mabeki wenzake walikuwa tayari kumfunika pale alipomwacha mtu wake. Ujasiri niliousema hapo juu hauwezekani bila jirani anayekusogelea bila kuitwa.

Mwaka huo huo mwenzake wa Port Adelaide, kiungo Ollie Wines, alitwaa Medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora wa msimu, kwa kura 36, idadi iliyoifikia rekodi ya wakati huo. Wines alistahili. Lakini medali hiyo hutolewa kwa kura za waamuzi wa mechi, na waamuzi, kama sisi sote, humwona zaidi yule aliye karibu na mpira muda wote, yaani kiungo. Beki kuitwaa ni jambo la nadra. Gavin Wanganeen aliitwaa mwaka 1993 akiwa klabu ya Essendon, kabla ya kwenda kuwa nahodha wa kwanza wa Port Adelaide katika ligi kuu mwaka 1997, na bado watu humtaja kama kioja cha historia. Kazi ya kuzuia haina picha. Wakenya wengi walimwona Awer Mabil, mzaliwa mwingine wa Kakuma, akifunga penalti yake dhidi ya Peru mwezi Juni 2022, Australia ilipokata tiketi ya Kombe la Dunia. Sekunde chache zile zilitosha kumfanya ajulikane hadi vijiweni. Aliir hana sekunde kama hizo za kuonyesha, na ndiyo maana, nadhani, waandishi hukimbilia kambi: ni rahisi kuieleza kuliko kueleza goli ambalo halikufungwa.

Na kuhusu kambi yenyewe, niseme kidogo kisha niiache. Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 katika Turkana, na waliozaliwa humo hawakupewa uraia wetu kwa sababu ya kuzaliwa tu. Kumwita mtu mwana wetu baada ya wengine kumpa pasipoti, shule na uwanja ni tabia ya mjomba anayeonekana siku ya harusi. Anayetaka kueleza njia iliyomfikisha ligi kuu angeanza kwa haki na Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliyeingia uwanjani na North Melbourne mwaka 2013 akiwa wa kwanza kutoka Sudan katika ligi hiyo.

Upande mchungu wa ubeki haupaswi kufichwa pia. Anayekimbia kinyumenyume macho yakiwa angani hajui nani anakuja. Julai 2023, katika mechi ya watani wa jadi wa Adelaide, Aliir aligongana vichwa na mwenzake Lachie Jones, wote wakiufuata mpira mmoja, kisha Aliir akaruhusiwa kurudi uwanjani bila kufanyiwa kipimo kamili cha mtikiso wa ubongo. Klabu ilikiri kosa na kutozwa faini ya dola 100,000 za Australia, nusu yake ikiahirishwa. Kwangu faini hiyo ilikuwa ndogo mno. Ligi inayomsifu beki kwa kujitupa mahali asipopaona inadaiwa na beki huyo angalau daktari asiyeangalia saa ya mechi.

Atakayepata mkanda wa mechi yoyote ya Port Adelaide ya mwaka 2021 namwomba afanye jambo gumu kidogo: auache mpira na amtafute Aliir popote kamera inapomfikia. Atamwona akitembea, akimwelekeza jirani kwa kidole, akigeuza shingo kumhakiki mshambuliaji aliye nyuma yake, akisogea hatua mbili, akirudi moja. Kisha mpigaji wa mbali atauangusha mpira mguuni, na Aliir atakuwa ameshaondoka.