Picha ya Nyumba Huishia Mlangoni

Niliwahi kusimama pembeni ya sebule ya nyumba iliyokuwa ikiuzwa, nikamwona mnunuzi akiinua simu yake. Akaitazama picha ya tangazo, akautazama ukuta, akairudia picha. Hakusema neno. Vyumba vilivyobaki alivipitia kwa adabu tu, kama mtu aliyegundua kuwa amekosea harusi lakini anaona haya kutoka mapema. Kisha akaaga. Nyumba yenyewe haikuwa mbaya hata kidogo, ila haikuwa ile aliyoifuata.

Tangu siku hiyo sishawishiki kirahisi na kambi yoyote kati ya mbili zinazobishana kuhusu picha za nyumba za kuuza. Ya kwanza, yenye madalali wengi na wapigapicha wao, inasema pamba kadiri uwezavyo, kwani asiyevutiwa na picha hatakuja kabisa. Ya pili, ambayo mara nyingi ni ya wenye nyumba wenyewe, inasema piga kama ilivyo, anayeitaka ataiona. Hawa wa pili hupenda kujikinga na methali: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali nzuri, lakini inadhani mnunuzi anapita mbele ya nyumba. Siku hizi anapita kwanza mbele ya picha yenye ukubwa wa kidole gumba, iliyobanwa kati ya nyingine nyingi, naye anazisukuma kwa kidole hichohicho.

Nianze na hao wa "kama ilivyo", maana kosa lao halionekani upesi. Wanaamini kwamba picha isiyoguswa ndiyo picha ya kweli. Ukiingia chumbani mchana, unaona mti ulio nje ya dirisha na pia kiti kilicho kwenye kona yenye giza, kwa sababu mboni hutanuka na kusinyaa huku ubongo ukiunganisha yote bila wewe kujua. Kamera hushindwa kufanya hivyo kwa pigo moja. Ikipima mwanga wa kona, dirisha linakuwa doa jeupe. Ikipima dirisha, kona inageuka pango. Ongeza taa za ndani zenye mwanga wa manjano, wa takriban kelvini 2,700 (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga), zikichanganyika na mwanga wa mchana wa kama kelvini 5,500, na ukuta mmoja mweupe unatoka na rangi mbili, utadhani ulipakwa na mafundi wawili waliogombana. Halafu mtu anashika simu usawa wa macho, anaiinamisha ili sakafu ionekane, na kuta zote zinapinda. Nyumba yake haina giza wala umanjano, na kuta zake zimenyooka. Picha yake ya "kweli" ndiyo imeisingizia.

Ndiyo maana sioni udanganyifu katika kazi za msingi za mpigapicha. Anaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, kimo cha kama mita 1.2 (jikoni juu kidogo, ili sehemu ya juu ya meza ya kazi ionekane), anaisawazisha mpaka mistari ya kuta isimame wima, anapiga chumba kimoja mara 3 au 5 kwa viwango tofauti vya mwanga, kisha anaziunganisha picha hizo kuwa moja. Taa ama ziwake zote, ama zizimwe zote dirisha lifanye kazi, mimi huzizima. Yote hayo ni kuirudishia kamera kile ambacho jicho lilikuwa limekwisha kukiona. Kufagia na kuondoa nguo zilizoning'inia mlangoni sina la kusema, kwani hata mgeni akija utafagia vilevile.

Ugomvi wa kweli huanzia kwenye lenzi. Lenzi ya milimita 24 kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya zamani ya milimita 35, huona upana wa kama nyuzi 74. Ya milimita 16 huona nyuzi 97 hivi. Ile lenzi pana ya simu, unayoipata kwa kubonyeza 0.5, kwa simu nyingi inakaribia milimita 13, yaani zaidi ya nyuzi 100. Anayetetea upana huo ana hoja. Bafu dogo halina mahali pa kurudi nyuma, na bila lenzi pana utaishia kupiga bomba na nusu ya mlango. Nakubali. Lakini upana huo una gharama zake. Vilivyo karibu vinavimba, vilivyo mbali vinakimbia, na friji iliyo pembezoni inanenepa kama kabati la nguo. Ukuta ambao yule mnunuzi aliulinganisha na picha ulikuwa umesogezwa mbali kwa njia hiyohiyo. Kipimo changu si cha kitaalamu, lakini kinanisaidia: nikiona saa ya ukutani iliyo pembeni mwa picha imekuwa yai, najua nimepita kiasi. Pale ambapo hakuna namna, mchoro wa ramani ya nyumba wenye vipimo vya kila chumba huondoa lawama kubwa, kwa sababu mtu mwenye kitanda chake hatalazimika kukisia kama kitaingia.

Dalali atanijibu, na jibu lake si la kupuuzwa. Wenzake wote wanatumia lenzi pana. Nyumba yangu yenye picha ya kiasi, ikiwekwa kando ya nyumba ya ukubwa uleule iliyovutwa, itaonekana kibanda. Na kwake yeye kazi ya picha ni kuleta watu. Wakija ishirini wakaondoka kumi na wanane, wawili waliobaki ndio aliokuwa akiwatafuta.

Hesabu hiyo inamkaa vizuri yeye kuliko mwenye nyumba. Dalali ana nyumba nyingi mkononi, muuzaji ana moja. Ni muuzaji anayefagia na kuwatoa watoto nje mara ishirini. Tena hao wawili waliobaki hawakubaki bila kinyongo. Mtu aliyeingia akitarajia sebule kubwa huanza kupunguza bei kichwani kabla hajafika jikoni, na kila dosari atakayoiona baadaye itakuwa ushahidi wa kwamba alidanganywa. Aliyeikuta sebule kama alivyoiona kwenye picha hana hasira ya kulipia. Ndiyo, huenda wakaja wachache. Mimi ningechagua hao wachache, ingawa nakiri kwamba muuzaji mwenye haraka ya fedha anaweza kupima vingine na asiwe mjinga.

Kwenye uhariri wa picha mstari uko wazi zaidi kuliko watu wanavyodai. Kinachohamishika, kama pipa la taka au gari, kihamishe kwa mikono kabla ya kupiga. Kisichohamishika kibaki: ufa, doa la unyevu kwenye dari, nguzo ya umeme mbele ya dirisha. Nyasi kavu zisipakwe kijani. Anga la mawingu kugeuzwa la bluu linanipa shida kidogo, kwa kuwa anga si sehemu ya nyumba na kesho litabadilika lenyewe. Bado ningesubiri siku ya jua, au ningepiga muda mfupi baada ya machweo, taa zikiwaka ndani na anga likiwa la bluu iliyokolea. Kuhusu ufa, sidai muuzaji auweke kwenye picha ya kwanza. Ila kuzungusha kamera makusudi ili usionekane popote, huku maelezo nayo yakinyamaza, ni kuuficha.

Samani za kidijitali ndizo zinanigawa. Chumba kitupu kwenye picha hakina kipimo, macho hayajui kama ni mita tatu au tano, na kwa wengi huonekana kidogo kuliko kilivyo. Kuweka kochi na meza kwa programu ya akili mnemba kunamsaidia mnunuzi kuelewa, mradi ajue havipo. Hila iko kwenye vipimo. Kitanda kikichorwa kidogo, chumba kinakua bila ukuta kuguswa. Jimbo la California, Marekani, limeweka sheria iliyoanza kutumika 1 Januari 2026 inayotaka tangazo lenye picha iliyobadilishwa kidijitali liseme hivyo wazi na kumwonyesha mnunuzi njia ya kuiona picha ya asili. Naona hilo ni jambo la haki, na halihitaji kusubiri sheria. Picha mbili kando kwa kando, tupu na yenye samani, zinatosha.

Nikimaliza kupiga, kabla tangazo halijatoka, namtafuta mtu ambaye hajawahi kuingia katika nyumba hiyo. Nampa picha azitazame akiwa nje, kisha namfungulia mlango na kunyamaza. Akifika sebuleni akainua tena simu kulinganisha, picha hiyo naipiga upya.