Kuchomoa websaiti kwenye bilda ukahosti mwenyewe: ni ubahili au akili?

Waambie mafundi wa websaiti hapa Mwanza kwamba unataka kudizaini kwenye Webflow, moja ya zile bilda za mtandaoni za kujengea websaiti bila kuandika kodi, uchomoe mafaili, halafu uhosti mwenyewe, yaani uyaweke kwenye seva unayoichagua wewe. Wengi watakucheka, hiyo ni websaiti mfu, na wewe ni bahili tu. Nawaelewa, ila naona wanamwongelea mteja ambaye wengi wetu hatuna.

Hoja yao ni nzito kweli. Zipu unayoshusha ina kodi za kurasa zenyewe (HTML, CSS, JavaScript) na picha, basi. Vilivyokuwa kwenye CMS, ile sehemu ya bilda ya kujazia na kubadilisha habari, havitoki, kwa hiyo ile orodha ya vyumba au habari uliyoijaza wiki nzima panabaki patupu. Sechi haifanyi kazi, duka halifanyi kazi, na ukurasa uliouwekea paswedi unakuwa wazi kwa kila mtu. Mbaya zaidi ni fomu, maana inaonekana nzima kabisa, mtu anajaza, anabonyeza tuma, na hakuna kinachokufikia, wewe uko Nyegezi na lodge yako unasema mwaka huu wageni wamepungua. Halafu kuna marekebisho: ukibadilisha bei kwa mkono kwenye faili, siku dizaina akichomoa upya na kupandisha juu yake, bei ya zamani inarudi.

Sawa. Lakini mteja wetu ni nani? Ni gesti ya Kirumba, shule ya Buzuruga, jamaa wa mwaloni anayetafuta wanunuzi wa dagaa Rwanda na Kongo. Hawa wanataka kurasa tano: sisi ni nani, picha, bei, ramani, namba ya simu. Zikibadilika mara moja kwa mwaka tumejitahidi. CMS ya nini hapo? Na fomu anajaza nani jamani, wakati watu wote wako WhatsApp? Weka kitufe cha wa.me, ile linki inayofungua chati ya WhatsApp, chenye namba ya mwenye biashara, habari ya fomu imeisha.

Hela nayo ipo. Kifurushi cha chini cha kuhosti kwa Webflow wenyewe ni dola kumi na ushee kwa mwezi, piga mara 12 ubadilishe kwa shilingi uone, wakati mafaili hayohayo Cloudflare Pages au Netlify wanakuhostia bure kwa saiti ndogo, na https, ile kufuli ya usalama kwenye brauza, inakuja humohumo. Unabaki na ada ya domeni yako ya .co.tz. Kuchomoa kwenyewe kunahitaji kifurushi cha kulipia, ndiyo, ila unaweza kulipa mwezi mmoja ukamaliza kazi yako.

Ila mimi kinachonisumbua zaidi ni kadi. Hayo malipo ya bilda yanakatwa kwa dola, yenyewe, kwenye kadi ya nani? Mwenye gesti hela zake ziko M-Pesa, kadi yake ya benki hajawahi kuinunulia kitu mtandaoni, kwa hiyo dizaina anaweka ya kwake, na akaunti inafunguliwa kwa imeili ya dizaina. Mwaka wa kwanza raha tupu. Kisha dizaina anahamia Dar, au kadi inaisha muda, au siku ya kukatwa salio halitoshi, saiti inazimwa katikati ya Desemba watu wakiwa wanarudi nyumbani na kutafuta vyumba. Mwenye mali hana faili hata moja, hajui paswedi, hajui hata imeili iliyotumika. Huyu analipia kitu ambacho si chake! Angekuwa na lile folda kwenye flashi, kijana yeyote wa stationari anayejua cPanel, paneli ya kusimamia seva, angeipandisha kwenye seva nyingine siku hiyohiyo.

Mwenye duka linalobadilika kila siku au blogu ya kweli, huyo abaki ndani ya bilda au aende WordPress, hapo sina ubishi. Na ukitaka mlango wa kutokea angalia kabla hujaanza, maana bilda nyingine kama Wix hawakupi mafaili kabisa.

Ukishachomoa, fungua index.html, faili la ukurasa wa mwanzo, utafute jQuery, faili la JavaScript ambalo saiti inalitegemea, utakuta bado inaitwa kutoka kwenye seva ya nje. Ishushe uiweke kwenye folda lako. Halafu bonyeza kila kitufe kwa simu ya mteja mwenyewe, sio kwa laptop yako, ndio ukasitishe malipo.