Dhamira Haimaliziki kwa Kuitaja Jina

Kila anayesoma fasihi shuleni anaijua orodha ya dhamira, yaani mambo makuu yanayozungumziwa na kitabu: malezi, ndoa, umaskini, rushwa, nafasi ya mwanamke katika jamii. Kila dhamira ina mfano wake na ukurasa wake, na ukiikariri vizuri alama unapata. Sina ugomvi na alama, nazihitaji kama wenzangu. Ninachokikataa ni kuambiwa kwamba ukishaijaza orodha hiyo, riwaya umeisoma.

Chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Katika daftari langu nimeandika "malezi mabaya", na si uongo. Lakini hebu rudi pale Zakaria anapogundua kwamba binti yake, Rosa, ameandikiwa barua na mvulana aitwaye Charles. Anamshukia Rosa kwa kipigo kisicho na huruma. Mzazi huyu anayejifanya mlinzi wa heshima ya bintiye ni mlevi, nyumba yake inasimama kwa jasho la mkewe, Regina, na bado anaamini kwa moyo wote kwamba hapo analea. Rosa anaondoka pale na hofu ya wanaume. Kujiamulia hajafundishwa. Siku anapokuwa mbali na macho ya baba, hofu hiyo haimsaidii chochote.

Sasa, nani amempoteza Rosa? Jibu la haraka ni Zakaria, na wengi wetu huishia hapo. Lakini riwaya inaendelea mbali zaidi ya kile kipigo. Rosa anakua, anasoma, anafika umri wa kuchagua, na baadhi ya anayoyatenda anayachagua mwenyewe. Tena wapo wanaume wazima, wenye kazi na heshima zao, wanaomtumia bila kuulizwa na mtu. Ukisema "malezi mabaya" ukafunga daftari, wanaume hao wote umewaachia waende zao. Hilo linanikera kuliko jambo lolote katika namna tunavyofundishwa dhamira: jina moja linakuja mapema mno, linatuzuia kuwaona wahusika waliosimama pembeni.

Ndiyo maana siku hizi nikisoma mara ya kwanza siandiki kitu. Nikirudia ndipo natia alama pale niliposhikwa na hasira, au nilipojikuta upande wa mhusika nisiyempenda. Kisha najiuliza nani katika tukio lile hakupewa nafasi ya kusema. Dhamira huibuka zenyewe humo, zikiwa zimeshikana na watu na matendo yao. Mwongozo, kile kitabu cha kuchambulia riwaya, nausoma mwisho, ili nione tunapopishana.

Kuli ya Adam Shafi nayo ilinifungua macho. Inahusu makuli wa bandarini Zanzibar na mgomo wao wa mwaka 1948, na kwenye orodha utaikuta chini ya "utabaka" na "ukombozi". Habari za mgomo hata kitabu cha historia kitakupa. Riwaya inakupa Rashidi, na namna kijana wa kubeba mizigo anavyofika kwenye kusimama na wenzake kudai haki. Safari hiyo ndiyo dhamira yenyewe, wala haikai katika neno moja.

Wapo watakaosema mtihani hauna muda wa ubishi wa namna hii. Mimi naona kinyume. Swali linalomtaka mwanafunzi ajadili halijibiwi kwa kutaja, linajibiwa kwa kushika upande na kuutetea kwa matukio ya kitabu. Na Rosa Mistika iliwahi kupigwa marufuku shuleni nchini Tanzania. Sikubaliani na marufuku ile hata kidogo, ila waliozuia kitabu walikiona kuwa kitu chenye nguvu ya kumgusa kijana. Sisi tunaokikariri, mara nyingi hata hilo hatulioni.

Mabishano yangu na mwenzangu wa darasani sasa hivi ni kuhusu Charles, yule yule wa barua, ambaye baadaye anarudi katika maisha ya Rosa kisha anamwacha baada ya kujua aliyoyapitia. Mwenzangu anamtetea: kijana wa watu alitarajia mengine. Mimi nasema barua ile aliiandika yeye, kipigo kikampata Rosa, na hakuna mahali Charles anapojihesabia sehemu yake. Tumekubaliana turudi kwenye kurasa zile, kila mmoja aje na ushahidi wake.