Waifai ya Baba Mkubwa

Nyumba ya baba mkubwa, Mwanga hapa Kigoma, ina ruta ndogo: flashi (hifadhi ya kudumu) megabaiti 8, RAM (kumbukumbu ya muda) megabaiti 64, tundu moja la USB. Imewekwa OpenWrt, mfumo endeshi wa Linux kwa ajili ya ruta, na mimi nilipewa kazi ya kuifanya igawe mafaili ya familia kutoka diski ya nje. Samba 4, programu iliyozoeleka ya kugawa mafaili mtandaoni, kwenye ruta ya saizi hiyo ni kumvisha mtoto koti la babu. Nikachukua ksmbd, ya kazi ile ile ila nyepesi, kazi yake kubwa inafanyika ndani ya kiini cha Linux, nikaifungia kifurushi changu: mipangilio, hati ya kuwashia, na orodha ya vinavyotegemewa, yaani ksmbd-server, kmod-usb-storage, kmod-fs-ext4 na block-mount.

Kufunga kifurushi kuna masharti kama ya mganga. SDK (zana za kutengenezea vifurushi) iwe ya toleo lile lile lililomo kwenye ruta, na ya prosesa ile ile. Mips_24kc na mipsel_24kc, aina mbili za prosesa, zimepishana herufi mbili, lakini ukibadilisha hakiwaki kitu. Mistari ya amri kwenye Makefile, faili la maelekezo ya kufunga, ianze na Tab, si nafasi za kawaida. Faili la mipangilio litajwe kwenye conffiles, orodha ya mafaili ya kutoguswa, la sivyo kila ukiboresha kifurushi, mipangilio ya mwenye nyumba inafutika.

Masharti yote yalitimia. Sharti la soketi ndilo halikumo kwenye mwongozo wowote.

Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, na diski ikianza kuzunguka inataka zaidi. Kwa hiyo diski ilipitia kigawanyio cha USB chenye adapta yake, na adapta ikakaa kwenye soketi ya ukuta wa jikoni. Soketi hiyo, kwa mama mkubwa, ni ya blenda. Siku ya sendofu ya binti yao akachomoa "kile kidude cheusi", akasaga juisi ya parachichi. Umeme ukakatika, ukarudi, ruta ikaamka bila diski.

Sasa hapo ndipo penye uhondo. Folda /mnt/familia haiondoki diski ikikosekana. Inabaki pale pale, ila sasa iko kwenye flashi ya ruta, ambako zilibaki chini ya megabaiti 2. Simu ya shangazi ikarusha picha ya keki. Ruta ikameza keki hadi katikati, ikajaa.

Intaneti ikawa inasuasua, baba mkubwa akawashuku majirani. Akabadilisha paswedi, akaitangaza sebuleni kwa sauti ya mnada. Ikafanya kazi vizuri tu, kwa sababu ilikaa kwenye RAM; kwenye flashi haikupata pa kuandikwa. Umeme ulipokatika tena, ruta ikarudi na paswedi ya zamani. Familia nzima nje, majirani wote ndani.

Nilipofika diski ilikuwa imesharudishwa, na df -h, amri ya kuonyesha nafasi, ilisema /overlay (sehemu ya flashi inayoandikika) imejaa asilimia 100 huku /mnt/familia haina kitu cha ajabu. Diski ikishapachikwa hufunika kilichokuwa chini yake. Ukifanya umount, yaani kuipachua, ndipo unakikuta: keki ya ghorofa tatu, juu imetimia na maua yake, kuanzia katikati kijivu kitupu. Nikafuta, nafasi ikarudi.

Dawa ni mstari mmoja mwanzoni mwa start_service, sehemu ya hati inayowasha huduma:

grep -q ' /mnt/familia ' /proc/mounts || { logger "hakuna diski, siwaki"; return 1; }

Kisha hati fupi ndani ya /etc/hotplug.d/block iiwashe huduma diski ikirudi. Ongeza PKG_RELEASE, namba ya toleo la kifurushi, maana opkg, kisakinishi cha vifurushi cha ruta hii, ikiona namba ile ile haihangaiki. Kifurushi kipeleke kwa scp -O (amri ya kunakili mafaili mtandaoni) hadi /tmp. Bila -O, scp mpya inagoma, kwa kuwa hupitia sftp na ruta haina seva yake.

Wiki iliyofuata simu ikaita.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Mwanangu, kifurushi chako kimekufa. Mafaili hayaonekani."

"Mama mkubwa anasaga juisi?"

Kimya kidogo, na nyuma yake mngurumo.

"Nani kakwambia?"