Sikulia, Ile Ilikuwa Honi

Nimeisikia sauti iliyorushwa kwenye grupu. Wengine mmenipigia usiku kuuliza kama ni kweli niliingia korongoni huku nalia. Sikulia. Ile ilikuwa honi. Ngoja nisimulie mwenyewe kabla haijamfikia mama.

Usukani wangu wa gemu ya mbio za magari mnaujua. Ule wa mtumba, unabanwa kwenye meza ya chakula, pedali nimezizuia kwa tofali zisikimbie sakafuni, mimi niko kwenye kiti cha plastiki. Jirani alidhani nashona nguo. Mnajua pia nilivyowachosha na habari za Jann Mardenborough, yule kijana wa Uingereza aliyeshinda mashindano ya gemu mwaka 2011, na 2013 akakimbia Le Mans, zile mbio za saa 24 za Ufaransa, timu yake ikawa ya tatu kwenye daraja lake. Pale katikati, walipomfundisha kwanza kwenye magari ya kweli, nilikuwa naparuka. Hapanogi.

Basi jamaa wakasema njoo Jumamosi, njia ya Hombolo, kuna uwanja wa vumbi, matairi chakavu yamepangwa, kila mtu anapimwa kwa saa. Gari ni Starlet ya mmoja wao, manyuo, viti vya nyuma vimeng'olewa. Na ina honi ya basi. Kitufe chake kipo kwenye usukani, palepale dole gumba linapolala. Hilo lishikeni.

Nikaikagua njia kwa miguu, mikono nyuma, kitaalamu. Mimi Nürburgring, ile njia ya mbio ya Ujerumani, naijua kona kwa kona kwenye gemu, zaidi ya kilomita 20. Hapa kona nne zitanifanya nini? Simuleta, yaani hiyo gemu yangu, inakufundisha kuchagua alama: ukifika hapa, breki. Kona ya mwisho haikuwa na mti wala kibao. Ilikuwa na punda. Kasimama pembeni, katulia, anaonekana vizuri. Nikamfanya punda kuwa alama yangu ya breki.

Wewe wa Singida, cheka taratibu, bado hatujafika.

Kona tatu za kwanza nilizikata safi, na video ipo, ila yule bwana aliyerusha sauti hairushi hiyo. Macho mbele kabisa, mikono imelegea, naingia kwa nje natokea kwa nje. Hayo simuleta ilinipa kweli, siwezi kuisingizia. Natoka kona ya tatu, gia ya tatu, vumbi la Dodoma mnalijua, namtafuta punda. Namwona. Yuko mbali. Nikasema moyoni, vizuri, nafasi bado ninayo. Nikaongeza mafuta. Punda bado yuko mbali. Nikaongeza tena. Ndipo nikaona kichwa chake kinapanda na kushuka. Punda alikuwa anatembea. Alikuwa anaenda zake Hombolo, na mimi na breki yangu tunamsindikiza.

Sasa hiyo breki. Pedali yangu ya nyumbani inapima nguvu ya mguu, haisogei sana, kwa hiyo nimezoea kuisukuma mpaka tofali liombe msamaha. Breki ya gari ina servo, inasaidia mguu. Mimi nikaikanyaga kwa ile nguvu ya tofali. Matairi yakafunga, na tairi la mbele likishafunga halisikilizi tena usukani. Nikaachia breki, kama nilivyofunzwa. Nyuma nako kukaamua kutangulia. Wazoefu wanasema gari likianza kuteleza, makalio ndiyo yanayopata taarifa kwanza. Makalio yangu yamesomea kwenye kiti cha plastiki. Kile kiti hakijawahi kuniambia chochote! Mimi nikawa nangoja macho yaone, na yalipoona, yalikuwa yanatazama nilikotoka. Tukaingia korongoni kinyumenyume, polepole, kwa adabu zote. Mchanga ukatupokea. Injini ikazima.

Kimya. Vumbi linashuka. Watu wamesimama kule juu, mikono vichwani.

Na mkono wangu, bila kuniuliza, ukafanya kile unachofanya kila usiku nikitoka nje ya barabara. Dole gumba likabonyeza kitufe cha kurudisha gari njiani. Kwenye gemu kile kitufe hakitaki haraka, unakishikilia kidogo. Nikashikilia.

Pwaaaaaaaaa.

Gari halikurudi barabarani. Nikahisi sijabonyeza sawasawa. Nikabonyeza upya, kwa utulivu, huku nimetazama mbele nikingoja kioo kiwe cheusi kama kwenye gemu.

Pwaaaaaaaaaaaaaa.

Jamaa wakadhani nimebanwa, wakaja mbio. Kabla hawajafika, mzee mmoja wa shamba la zabibu akawa ameshainama dirishani. Nikamwamkia, dole likiwa bado kazini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Unamwita nani?"

Jamaa yenu, huyohuyo aliyerusha sauti, alifika palepale na hilo swali akalisikia. Sasa mnaelewa kwa nini grupu zima linaniita Unamwita Nani.

Mengine ya kawaida. Vijana wa shambani wakasukuma, bampa likabaki, fundi wa Majengo kataja bei yake, nimelipa nusu, honi imeng'olewa, mwenye gari tunasalimiana. Usukani hauuzwi, acheni kunifuata inboksi. Jumamosi ijayo narudi. Babu kakubali kumfunga punda, ila kamba ninunue mimi.