Nilipiga Zote Tano

Jamani, naandika haraka haraka kabla simulizi ya yule swahiba wangu haijaenda mbali, ingawa kwa jinsi simu inavyolia tangu asubuhi, nadhani imeshafika ilikokuwa inakwenda. Anasema jana nilikosa shabaha zote tano. Huo ni uzushi. Nilipiga zote tano, moja baada ya nyingine, sikukosa hata moja, na mashahidi walikuwa wengi kuliko nilivyopenda. Kuna kipengele kidogo amekiruka. Nitakifikia.

Mnaouliza "mbio gani hizo za baiskeli na bunduki": mnaijua baiathloni, ule mchezo wa kwenye theluji ambapo watu wanateleza na ski mpaka pumzi ziwaishe, halafu wanajitupa chini na kulenga shabaha? Uliingia Olimpiki ya majira ya baridi mwaka 1960, wanawake wakaingizwa 1992. Sasa ondoa theluji, ondoa ski, weka baiskeli. Wale wakubwa wa kwenye theluji wanabeba bunduki mgongoni, isiyopungua kilo 3.5, na wanapiga kutoka mita 50. Sisi tunaotafuta afya tunapewa bunduki ya upepo, shabaha ziko mita 10, na bunduki haitoki pale uwanjani. Hakuna aliye tayari kutuona tukikata kona na bunduki mgongoni, na kwa niliyoyafanya jana siwalaumu. Unaendesha, unaegesha baiskeli, unalala kwenye mkeka, unapiga shabaha tano, unarudi kwenye baiskeli. Kila shabaha uliyoikosa ina mzunguko wake wa adhabu, na unauzungukia pale pale mbele ya watu.

Aliyenitia humo ni huyo huyo anayesambaza habari. "Toka nje," aliniambia, "upate hewa, upate jua, utoke jasho la maana." Kitambi changu kilikuwa kimeshaanza kuingia mlangoni kabla yangu, nikakubali. Hakuniambia kwamba siku ya siku yeye hatashindana, atakuja na simu.

Na niseme ukweli, nikiwa nimetulia, mimi napiga. Mazoezini kocha alisema nina jicho. Shida ya mchezo huu ni kwamba haukungoji utulie. Moyo ukishapiga mara 170 kwa dakika, kila pigo linapanda begani, linashuka mkononi, linafika kwenye mtutu, na ncha ya bunduki inaanza kucheza ngoma usiyoijua. Ndiyo maana wenye akili hupunguza kasi kabla ya kufika uwanjani. Wanalegeza gia, wanavuta pumzi ndefu, wanafika bado ni watu. Kocha alitufundisha hivyo, akatuambia, akarudia, halafu akanitazama mimi akarudia tena. Lakini pale kwenye mita mia za mwisho ndipo watazamaji walipoanzia. Nikasikia makofi. Nikasimama juu ya pedeli, nikakanyaga kwa nguvu zote ambazo Mungu alinipa na nyingine za kukopa.

Nikafika koo limekauka, saa ya mkononi inaonyesha 174. Baiskeli nikaiegemeza, ikaanguka, nikaiacha na yake. Vile viatu vya baiskeli vyenye chuma chini cha kunasa kwenye pedeli havikutengenezwa kwa kutembelea, kwa hiyo nilikwenda mkekani kama kuku aliyefungwa miguu, ko-ko-ko juu ya saruji. Mkeka namba nne. Naomba mwikumbuke hiyo namba.

Nikajilaza. Hapo ndipo mpiga picha wetu anaanza kurekodi, na mwanzo wote wa video ni kaputula yangu ya kubana, ile yenye sponji makalioni, imejaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo. Asanteni mlioweka alama za moto pale. Nimewaona. Na wewe shemeji nimekuona.

Nilipolaza shavu kwenye kitako cha bunduki, helmeti ikashuka machoni. Helmeti imetengenezewa mtu anayeangalia barabara, haijui kama kuna siku utalala kifudifudi uinue shingo. Nikaisukuma nyuma, ikarudi. Nikaisukuma, ikarudi. Miwani nayo, kwa ule moto wa uso, ikaanza kujaa ukungu kuanzia chini. Ili nipate pa kuonea, nikajipinda kiuno kidogo, nikasogeza kiwiko cha kushoto, nikapata upenyo safi kabisa kati ya helmeti na ukungu. Nikajiona mjanja.

Wanaolenga shabaha wameshaanza kucheka, najua. Kwa nyinyi wengine: ukilala, bunduki haielekei unakotaka wewe, inaelekea mwili ulikolala. Kati ya shabaha zangu na za jirani ni kama mita moja, na kwa umbali wa mita 10 hiyo haifiki hata nyuzi 6. Pinda kiuno kidogo tu, umeshahamia kwa watu. Na ukishaweka jicho kwenye tundu la kulengea huoni namba, huoni jirani, huoni mbingu. Unaona duara la nyuma, ndani yake duara la mbele, ndani yake kidoa cheusi. Chetu ni cha milimita 35, huruma ya waandaaji. Kidoa cheusi hakina jina la mtu.

Basi. Nikavuta pumzi, nikaitoa, nikangoja pale ambapo pumzi imeisha na nyingine haijaanza, mwili unanyamaza kidogo. Kidole kikabana. Tak! Kibati kikaanguka, cheusi kikawa cheupe.

Nilitaka kulia. Moyo unakwenda vile na nimepata ya kwanza! Nikafungua bunduki, nikatia kirisasi kingine. Vile virisasi vya bunduki ya upepo ni vidogo, vina kiuno katikati, na mkono ukiwa na jasho vinateleza. Kimoja kikaniponyoka, nikachukua kingine. Tak! Ya pili. Nyuma yangu nikasikia minong'ono. Nikajua wameanza kuniheshimu.

Ya tatu. Tak! Sasa minong'ono ikawa kicheko. Nikajiambia ni kicheko cha furaha, watu hawajawahi kuona mgeni akipiga namna hii.

Ya nne niliichelewesha kwa makusudi, ili waifaidi. Tak! Hapo wakashindwa kujizuia. "Nne!" akapaza sauti mmoja. "Nne! Nne!" wakaitikia wengine.

Jamani, jiwekeni pale mkekani. Umeshaangusha shabaha nne. Watu nyuma yako wanapiga kelele "Nne! Nne!" Wewe ungeelewa nini? Mimi nilielewa wananihesabia. Haikunijia hata chembe kwamba wananisomea namba ya mkeka. Nikautoa mkono wa kushoto kwenye bunduki, nikauinua juu bila kugeuka, vidole vitano vimetanuka, nikasema kwa sauti ambayo kwenye video inasikika vizuri mno:

"Tano hiyo inakuja!"

Uwanja ukalipuka. Kuna mama mmoja unamsikia kabisa akisema "jamani nisaidieni mbavu zangu". Mimi nikangoja kelele zipungue, kwa heshima, kama wafanyavyo mabingwa. Nikavuta pumzi, nikaitoa.

Tak! Ya tano.

Nikaweka bunduki chini, mtutu umeelekea mbele, kama kanuni zinavyotaka. Hilo nililifanya sawasawa, naomba nalo lisambazwe. Kisha nikapiga magoti, nikainua mikono yote miwili.

Wakati huo dada wa mkeka namba tano alikuwa ameshafika. Alikuja taratibu, pumzi zake zimetulia, baiskeli yake imesimama wima pale alipoiegesha. Akalala, akaweka jicho kwenye tundu. Akalitoa. Akaliweka tena. Akanigeukia akaniangalia. Nikadhani kazidiwa na presha ya kulenga kando ya mtu aliyepata tano kwa tano, nikamwinamia kwa ule ukarimu wa mshindi:

"Dada, usiogope. Vuta pumzi, itoe, tulia, ndipo ubane."

"Kaka," akasema, "za kwangu zimeshaanguka zote."

"Hongera sana!"

Nilimpa hongera. Nikampigia na makofi. Ipo kwenye video, siwezi kukana.

Msimamizi wa uwanja, mzee mpole ambaye muda wote alikuwa amebana midomo kwa sababu haruhusiwi kumwelekeza mshindani, akainama karibu na sikio langu. "Mwanangu," akasema, "hebu tazama mbele yako."

Nikatazama. Nikavua miwani, nikaifuta kwa fulana iliyolowa, ikawa mbaya zaidi, nikatazama kwa macho matupu. Chini ya bango la namba nne, vidoa vyeusi vitano vilikuwa vimejipanga kwenye mstari, vizima, hakuna kilichokwaruzwa. Chini ya namba tano, vyeupe vitupu. Nikatazama mkeka wangu. Nne. Nikatazama mbele. Tano. Nikawa narudia hivyo, mkeka, mbele, mkeka, mbele, nikitumaini kwamba kimojawapo kitabadilika.

"Lakini mzee, nimepiga zote."

"Umepiga," akasema. "Tena vizuri. Za mwenzio."

Kabla hamjaendelea kucheka, Athens 2004, fainali ya bunduki mita 50 mikao mitatu. Mmarekani Matthew Emmons anaongoza, kabakiza risasi moja, hata angepiga kwa uvivu dhahabu ilikuwa yake. Akapiga shabaha ya namba tatu, na yeye alikuwa namba mbili. Wakampa sifuri, akaporomoka hadi nafasi ya nane, dhahabu ikaenda kwa Jia Zhanbo wa China. Huyo ni mtu wa Olimpiki, hakuwa ametoka kwenye baiskeli, na hakuwa na helmeti machoni. Kwa hiyo tuheshimiane. Tena baada ya mkasa ule, Kateřina Kůrková, mlenga shabaha wa Jamhuri ya Czech, alimfuata kumpa pole, na baadaye wakaoana. Yeye alipata mke. Mimi nimepata video.

Swahiba wangu anadai kwamba kumpigia jirani na kukosa ni kitu kimoja. Namjibu hapa hadharani: si kitu kimoja. Mtu aliyekosa, kirisasi chake kimekwenda kusikojulikana. Changu kinajulikana kimekwenda wapi, na kila kimoja kimeangusha kibati. Waandaaji waliniandikia sifuri kwa sababu kanuni hazina safu ya ukarimu.

Yaliyofuata nayapitia mbio. Nilipewa mizunguko mitano ya adhabu, na kila nikimaliza mmoja watu walihesabu kwa sauti, na walipofika "nne" wakaimba mpaka nikamaliza wa tano. Ukitaka kujua nani alipata mazoezi ya nje kuliko wote jana, ni mimi, mshindi mwenyewe hakuendesha nilivyoendesha. Mwisho wa mizunguko nilitaka kusimama nimwombe msamaha dada wa watu, kiatu kikanasa kwenye pedeli, nikaanguka ubavu polepole, huku nina muda wa kutosha kabisa wa kuona jinsi ninavyoanguka. Simu ilikuwa imeshaelekezwa kwangu. Hata hivyo, mbio ziliendelea. Sikuwa wa mwisho, nyuma yangu kulikuwa na mmoja aliyepasukiwa tairi akamalizia kwa miguu, na alikaribia kunipita. Leo mapaja yamekaza, nashuka ngazi kinyumenyume.

Dada wa namba tano walimvutia kamba, shabaha zake zikasimama upya, wakamrudishia na muda alioupoteza kwa kunishangaa. Akakosa moja. Nilipomtafuta mwishoni nikamkuta kwenye meza ya waandaaji, anajiandikisha kwa mbio zijazo. Sikutaka kumkatiza, nikangoja nyuma yake. Alikuwa anauliza kama inawezekana apangwe tena jirani na yule kaka.