Milango mingi haimpotezi mtu

Mgeni akishuka jetini Lamu akashika Usita wa Mui, njia kuu ya mji, atapita milango mingi hata achoke kuihesabu, na hapotei. Njia ni moja: mlango huu wa fundi cherehani, ule wa muuza halwa, naye yuaenda mbele tu. Lakini mwache akate kona kuingia mtaa wa Mkomani, akate tena, kisha apite chini ya wikio, chumba kilichojengwa juu ya njia, atokee nyuma ya nyumba asiyoijua. Kona mbili tatu hizo, na sasa anamuuliza mtoto njia ya kurudi baharini.

Huo ndio ugomvi wangu na namba zinazopima ugumu wa programu za kompyuta. Mwaka 1976 Thomas McCabe, Mmarekani, alitoa njia ya kupima ugumu wa msimbo, yaani maandishi ya programu: hesabu kila mahali programu inapoamua, kila "kama" na kila mzunguko wa kurudia, kisha ongeza 1. Akapendekeza fanksheni, kipande cha programu chenye kazi yake, isizidi 10, na mwenyewe akakiri kuwa kikomo hicho hakina muujiza wowote. Waliokuja baada yake ndio waliokigeuza amri.

Kipimo cha McCabe kinahesabu milango. Kona hakizioni. Chukua masharti matatu, uyapange moja chini ya jingine: kinakupa 4. Yachukue yale yale uyaweke moja ndani ya jingine: 4 vilevile. Kipimo kipya zaidi cha kampuni ya SonarSource, kinachopima ugumu wa kufahamu, kinatoza kila sharti kulingana na kina lilimozama. Hapo ya kwanza inapata 3, ya pili 6. Nacho ndicho nakiamini zaidi, kwa sababu nimeadhirika.

Nilimwandikia mwenye boti mmoja programu ya tiketi. Nauli ilihesabiwa na fanksheni moja ndefu: kama ni mwenyeji, ndani yake kama ni mchana, ndani yake kama ni mtoto, ndani yake kama ana mzigo, ndani yake kama anakwenda Faza. Nilipoiandika niliiona nyepesi, maana yote nilikuwa nayo kichwani. Wiki ya Maulidi, boti zimefurika, nahodha akanipigia usiku: "Bwana, mashine yako yamtoza mtoto wa miaka minne nauli ya mtu mzima." Punguzo la mtoto nilikuwa nimelichimbia ndani ya tawi la mchana. Jua likizama, watoto wote wa Lamu walikuwa watu wazima.

Nikampa mpwa wangu aitengeneze, kwa kuwa mimi nikiusoma msimbo wangu nasoma nilichokusudia, si nilichoandika. Akakaa nao nusu saa, kisha akaweka kidole kwenye mstari wa 61. "Mjomba, hapa niko ndani ya nini?"

Tukahesabu mabano. Alikuwa ndani ya masharti matano.

Tulichofanya hakikuwa na ufundi mkubwa. Ya kukataa tuliyapandisha juu: boti imejaa, rudi, tarehe imepita, rudi. Ukivuka mistari hiyo huibebi tena kichwani. Nauli za njia tukazitoa kwenye masharti tukaziandika katika jedwali: Mokowe, Shela, Faza, Kizingitini, kila moja na bei zake. Punguzo la mtoto likapata fanksheni yake ya mistari mitatu, isiyojua kama ni usiku au mchana. Na lile sharti lenye "na" tatu na "si" moja likapewa jina, anastahiliBeiYaMwenyeji. (Kulitafuta jina hilo kulituchukua muda kuliko mengine yote, na sijutii.) Namba ya McCabe ikashuka kutoka 19 hadi 6.

Sasa kuna watu wanaoshusha namba bila kushusha ugumu. Nimeona fanksheni ikikatwa vipande vikaitwa hesabu1, hesabu2 na hesabu3. Kila kipande kilipimwa kikaonekana chepesi, na msomaji akabaki kufungua mafaili matatu kufuata jambo moja, kama mtu aliyetumwa chumvi akaambiwa iko kwa jirani, na jirani naye kaiazima kwa mwingine. Afadhali wangeiacha nzima.

Kwa hiyo namba naitumia kama nahodha anavyotumia mti wa kuonyesha fungu la mchanga: nikiona 15 nakwenda kuangalia. Pengine nakuta orodha ndefu iliyonyooka, masharti yamepangwa moja chini ya jingine; naiacha. Pengine nakuta Mkomani.

Bado ninayo moja. Boti za Pate zinazopita mkondo wa Mkanda husubiri maji yajae, na ratiba yake hubadilika kwa bamvua, maji makubwa, na kwa maji mafu. Fanksheni ya ratiba hiyo imefika 23, na kina chake ni masharti matano. Mpwa ameniuliza mara mbili tutaifungua lini. Nimemwambia Maulidi yapite kwanza.